Kikundi Chetu Kinataka Wifi Yangu Akaseme Redioni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili nikilianzia katikati nitaonekana mtakatifu na nikilianzia mwishoni nitaonekana muuaji, na mimi si huyu wala si yule, mimi ni fundi cherehani.

Nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mashine iko dirishani na redio iko juu ya kabati la vitambaa, na redio hiyo haizimwi tangu nifungue kazi mpaka nifunge, ndiyo maana kanisani walipoanzisha kikundi cha kufuatilia maadili ya vyombo vya habari walinichagua bila hata kupiga kura, wakasema huyu anasikiliza tayari, tumpe kalamu tu. Ni kikundi cha waumini wa kawaida, yupo mwenye duka la rangi, yupo mwalimu wa chekechea, yupo mzee mmoja aliyestaafu posta, na mwenyekiti wetu ni mama aliyekuwa mkaguzi wa shule, mpaka leo tunamwita Mkaguzi na mwenyewe anaitika. Tulianza na mambo madogo, nyimbo za matusi zinazopigwa wakati watoto wanatoka shule, na ule mzaha wa asubuhi ambao mtangazaji anampigia simu mke wa mtu na kumdanganya kwamba mumewe ana mwanamke mwingine, yule mama analia na wasikilizaji wanacheka. Tunaandika barua, tunaomba kuonana na wakubwa, wakati mwingine wanatusikiliza na wakati mwingine wanatukalisha mapokezi mpaka tunaondoka wenyewe. Mtaani wanatuita polisi wa redio. Jina halitoboi ngozi, tumelizoea.

Basi likaja tangazo la daktari. Sauti ya mwanamke, laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto, inasema, "Dada, siku zako zimechelewa? Usikonde. Daktari atazirudisha leo leo, bila maumivu, na siri yako ni siri yetu," halafu namba ya simu inaimbwa haraka haraka na kinanda nyuma yake. Kila mwanamke mzima anajua hapo wanasema nini. Sheria inakataza na imani yetu inakataza, na hata asiyejali sheria wala imani, mshauri, akienda kuona pale mahali ataogopa, maana mwenye duka la rangi alifuatilia akakuta ni chumba nyuma ya duka la vipodozi, pazia tu ndilo linalotenganisha. Tuliwaandikia watu wa redio, kimya. Tukaandika tena, kimya. Mkaguzi akasema kama wakubwa hawasikii basi tuwaendee wadogo, na tukakubaliana kuchapa karatasi za kugawa.

Karatasi ile niliiandika mimi. Juu niliandika kwa herufi kubwa kwamba wauaji wanatangazwa redioni, na katikati nikaandika kwamba anayetangaza, anayefanya na anayekwenda kufanyiwa, wote mikono yao ina damu, na nilipoisoma kikundini walipiga makofi. Chini kabisa nikaweka ile namba ya simu. Hilo lilikuwa wazo langu, nilisema watu wampigie huyo mtu wamkemee mpaka achoke. Mzee wa posta ndiye peke yake aliyeuliza, "Namba ya nini tena? Si tutakuwa tunamtangazia?" na sisi tukamcheka, tukamwambia mzee, siku hizi vita ni vya simu. Mwenye duka la rangi akatoa kopi nyingi, tukazigawa vituo vya basi, tukazibandika kwenye milango ya maduka, na rundo moja likabaki kwenye meza yangu ya kazi.

Sasa nikwambie habari za wifi yangu. Ni mke wa kaka yangu, wanakaa nyumba ya nyuma, uwanja wetu ni mmoja, na ana watoto watatu, wa mwisho bado anatambaa. Huwa anakuja kwangu kunisaidia kutia vifungo, tunakaa meza moja, tunaongea upuuzi, tunacheka. Kaka ni dereva wa lori la saruji, anaweza kuondoka akakaa safarini hata wiki mbili. Wiki hiyo alikuwa hayupo. Wifi alikuwa amechukua mashati akayamalizie kwake, na mwenye mashati alipokuja kudai, nikaenda kuyafuata mwenyewe. Nilimkuta amelala chini karibu na kitanda, shuka limelowa, uso umekuwa rangi ya majivu, na bado ananiambia, "Ni tumbo tu wifi, litatulia." Nikatoka nikamwita jirani mwenye gari.

Hospitali nilisema mimba imeharibika. Walimsafisha wakamwongezea damu, na muuguzi mmoja akaniita kando akaniuliza mimi ni nani wake, nikasema wifi yake, akaniambia, "Basi mwambie siku ya kurudi kuangaliwa arudi. Asiogope. Sisi kazi yetu ni kutibu." Nikajua kwamba anajua.

Jioni wifi akaniambia mwenyewe. Alipojifungua huyu wa mwisho nusura afe, na daktari akawaonya wote wawili, yeye na kaka, kwamba akishika mimba nyingine mapema asitarajie kunyanyuka. Alipoona siku zimepita akashikwa na hofu akawa hali wala halali, mpaka akaenda kule nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa nakaa naye meza moja sikuona.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ningekuambia wewe? Si wewe ndiye uliyeandika?"

Nikadhani anasema yale maneno ya mikono yenye damu, na kweli alikuwa anayasema hayo, lakini hayakuwa hayo peke yake. Nikamuuliza lile tangazo alilisikia wapi, kwangu au kwake. Akageuza uso ukutani.

"Redioni wanaimba haraka, sikuwahi kuishika ile namba," akasema. "Nimeichukua kwenye karatasi yenu. Nilikuwa nimekaa pale mezani kwako natia vifungo."

Aliniomba niape kwamba kaka hatajua, kwake iwe ni mimba iliyoharibika, nikaapa. Kaka aliporudi nikamwambia hivyo hivyo, akalia mbele yangu, na mimi nikampa pole.

Laiti ningeishia hapo. Zile karatasi zilileta kelele mjini, na watu wa redio mwishowe wakatuita. Meneja wa vipindi ni kijana nadhifu mwenye adabu, alitukaribisha chai na biskuti, akamsikiliza Mkaguzi anavyoeleza juu ya maadili, kisha akasema, "Mama zangu, wazee wangu, mnasema tangazo linaua. Nani ameumia? Nileteeni mtu mmoja tu aliyeumizwa na tangazo hili, aje aseme kwenye kipindi cha Ijumaa asubuhi, jina tutalificha, na tangazo nitaliondoa siku hiyo hiyo." Mkaguzi akarudia maadili, yule kijana akatazama saa yake huku anatabasamu, na mimi hasira ikanipanda, nikajisikia nasema, "Yupo. Mimi namjua."

Tangu hapo sina raha. Mkaguzi anakuja kila siku kwenye chumba changu cha kazi, anakaa kwenye stuli ya wateja, hagombi, anaongea polepole kama anayemsomesha mtoto mgumu.

"Simtaki huyo mtu kwa ubaya," ananiambia. "Mmoja akiona haya, wengi watapona."

"Na kama hataki?"

"Basi useme wewe kwa niaba yake. Si ulimwona kwa macho yako? Siri inayoua watu si siri tena, ni mshirika wa muuaji."

Na mimi naona ana haki. Tangazo bado linapigwa, nalisikia kila siku, na kila likipigwa najua kuna mwanamke mahali fulani anatafuta kalamu. Mwalimu wa chekechea ameanza kuuliza kwa nini wifi haonekani kwenye kwaya. Ijumaa yenyewe inakuja. Na hakuna hata mmoja katika kikundi anayejua namba ilitoka wapi, sijawaambia, kwa sababu nikisema nitakuwa nimelivunja jina la kikundi kizima na la kwangu la kwanza. Karatasi zimetolewa kopi nyingine. Jumapili iliyopita nilipewa fungu langu nikazigawa, sikujua nikatae kwa maneno gani.

Nimshawishi wifi aende redioni, tangazo liondoke? Niseme mimi bila kumtaja? Ninyamaze? Nijitoe kikundini nishone sare zangu? Na kaka yangu nimfanyeje? Nishauri, hata ukinigombeza nitapokea.

Ni mimi, Fundi wa Sare.

*

Fundi, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiweka ingoje zamu yake. Nilikujibu siku ile ile ilipofika, na leo naichapa kwa ruhusa yako na ya wifi yako, baada ya kugeuza mambo mawili matatu ili jirani asije akanyoosha kidole. Haya ndiyo niliyokuandikia.

Umeniuliza maswali mengi, lakini lililo kubwa kuliko yote hukuliuliza, umelificha pale karibu na mwisho ukatumaini nitalipita. Ulitoka hospitali, ulijua namba ile imefanya nini, na Jumapili ukaigawa tena. Mwanangu, mtu akishajua maji ya mtungi wake yana sumu, haendelei kuwachotea waliokwisha kupanga foleni kwa sababu anaona haya kuwaambia. Kwa hiyo kabla ya redio, kabla ya kaka, kabla ya lolote, leo hii ondoa karatasi hizo. Zilizo mezani kwako zichome. Za milangoni zibandue. Za wenzako zidai. Ukiulizwa kwa nini, sema hivi: "Namba tuliyoichapa imetumika, na aliyeitumia nusura afe." Ni maneno machache, hayamtaji mtu, na ni kweli yote. Wakikuuliza ni nani, jibu, "Siwezi kusema." Wakirudia, rudia. Maneno hayo hayachakai.

Unaogopa jina la kikundi. Kikundi kinachowadai wenye redio wakiri makosa yao kinaweza kukiri la kwake, na kisipoweza, basi hakina la kuwaambia wenye redio. Na huko kikundini mkamwombe radhi mzee wa posta. Aliona, mkamcheka.

Mimi sikuiti muuaji. Uliandika kwa nia njema, na aliyeng'oa ile mimba pale nyuma ya pazia hakuwa wewe. Lakini nia njema haimzuii mtu kukosea, na sikupi pole ndefu kwa sababu pole hiyo inapaswa kwenda nyumba ya nyuma.

Sasa huyo meneja wenu. Adabu yake na biskuti zake zimewafanya msione alichofanya. Amewaomba kitu anachojua hamna. Anajua mwanamke aliyepitia hayo akifungua mdomo atakuwa na polisi mlango mmoja, mume mlango wa pili na kanisa mlango wa tatu. Msipomleta, tangazo linaendelea na lawama ni yenu. Mkimleta, amepata kipindi ambacho mji mzima utakisikiliza. Atashinda vyovyote vile. Nyinyi mlianza kazi hii kwa kuwaonea huruma wake za watu wanaopigiwa simu ya mzaha wakalizwa hadharani, na leo mnataka kumpeleka mke wa mtu studio kwa miguu yenu. Eti jina litafichwa. Na sauti je? Huyo ni mwanakwaya. Mtaa wenu utamtambua kabla hajamaliza kusalimia. Tena meneja anataka mtu aliyeumizwa na tangazo lake, na wewe unajua namba haikutoka redioni. Mngekwenda kuutetea ukweli kwa ushahidi uliopinda.

Hamhitaji mgonjwa. Tangazo lenyewe ndilo ushahidi, na linapigwa bure kila siku juu ya kabati lako la vitambaa. Lirekodi kwa simu. Andika siku na saa. Huyo mtu anajiita daktari, na madaktari husajiliwa. Mwenye duka la rangi amwulize jina lake mwenye vipodozi, kisha nendeni ofisi inayowasajili muulize kama jina hilo lipo. Kama halipo, mpeleke malalamiko hapo, na malalamiko mengine kwa wale wanaovipa vituo vya redio leseni, na nakala muiweke mezani kwa huyo kijana karibu na biskuti zake. Hapo ndipo atakapoacha kutazama saa. Kazi hii inachosha, haina makofi wala machozi, na ndiyo maana watu huikwepa.

Mkaguzi simwoni kuwa mtu mbaya. Anataka watu wapone. Ila anakosea jambo moja, na wewe umwambie kwa heshima anayostahili mtu mzima: haya ya mtu ni mali ya mtu. Anayetaka kuitoa sadaka atoe ya kwake.

Juu ya yale maneno ya mikono yenye damu. Mna imani yenu, siwaambii muiache, wala sijakaa hapa kubishana na sheria. Lakini jiulize mliyaandika ili nani ayasome. Aliye nyuma ya pazia hakuyasoma, na kama aliyasoma alicheka. Aliyeyasoma akayaamini ni mwanamke mwenye hofu, aliyekuwa amekaa meza moja na mtu anayempenda, akaona ni nafuu kumpigia simu asiyemjua kuliko kukugeukia wewe. Alikuwa na onyo la daktari, alilopewa yeye na mumewe. Angekuambia, mngekwenda wote kwa daktari yule yule aliyemwonya, mkamuuliza la kufanya. Mkiandika karatasi nyingine, andikeni hilo: mwenye hofu aende hospitali, anayetokwa na damu aende hospitali hata kama amefanya nini, na kanisani kuna fulani atakayekusindikiza asikuulize. Halafu huyo fulani awepo kweli.

Nenda sasa kwa wifi yako. Usiende na ombi. Mwambie kwamba hutamtaja, hutampeleka popote, na kwamba maneno yale yalikuwa yako na unayajutia. Kisha mwache aseme au asiseme. Siku ya kuangaliwa ikifika mpeleke. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na yeye bado hana hata kovu, ana kidonda.

Na kaka. Uliapa, timiza. Siri ile si yako kuifungua, hata ukisikia inakuchoma. Lakini mwambie wifi yako jambo moja ambalo kiapo hakilizuii: lile onyo la daktari bado lipo pale pale, na mume asiyejua kilichotokea hawezi kujilinda wala kumlinda. Kupanga uzazi ni kazi ya wawili. Siku atakapokuwa tayari kumwambia, na amwambie yeye, kwa mdomo wake, muuguzi akiwepo kama anaogopa kuwa peke yake. Wewe usiwepo.

La mwisho ni la kwetu huku. Nilipomaliza kuwasema watu wa redio nilifungua gazeti hili hili unalolisoma, kurasa chache kabla ya huu wangu, nikakuta kwenye matangazo madogo "siku zilizochelewa" na namba ya simu. Nimekuwa nikilipita tangazo hilo nikienda kwenye ukurasa wangu. Nilimpelekea mhariri. Akaniambia matangazo si idara yangu. Nikamwambia sawa, basi nitawaandikia wasomaji kwamba si idara yangu. Ameniacha niandike. Kwa hiyo kikundi chenu kikimaliza kule, njia ya kuja huku mnaijua.

Kikundini usijitoe. Umeharibu ukiwa ndani, utengeneze ukiwa ndani.

*

Fundi aliniandikia tena baada ya muda, kwa ufupi, nami naiweka hapa kwa sababu wengi mtataka kujua.

"Mshauri, karatasi tumeziondoa. Za milangoni gundi ilikuwa imeshika, tukazikwangua kwa vile visu vipana vya duka la rangi. Mkaguzi nilipomwambia namba imetumika hakuuliza ni nani. Alikaa kwenye stuli akasema, 'Basi tulimtangazia bure.' Kisha akauliza kama huyo mtu ni mzima, nikasema ni mzima, na mpaka leo hajauliza tena. Ijumaa hatukwenda redioni. Ofisi ya madaktari wamesema jina hilo hawalijui, wametuandikia hivyo kwa muhuri, na meneja akaliondoa tangazo bila kutualika chai. Chumba cha nyuma ya vipodozi kimefungwa. Lakini juzi, kwenye kituo kingine, nimesikia sauti ile ile laini na namba nyingine.

"Wifi mwenyewe alimwambia mumewe. Sikuwepo. Kaka alilala sebuleni siku kadhaa, kisha wakaenda pamoja hospitali, na sasa wanaongea. Mimi ndiye hanisemeshi. Alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni, akasema, 'Mke wangu alikuwa anakufa, na wewe ukanipa pole ya uongo,' akaondoka. Asipokuwa safarini anapita dirishani kwangu kila asubuhi akienda kwenye lori, shingo imenyooka. Wifi naye haji tena kutia vifungo, anasema hana kinyongo, ila ile meza hawezi kuikalia. Nimewaza kumtuma mama yetu akaongee na kaka, au mchungaji. Unasemaje?"

Nasema usimtume mtu. Kaka yako ana haki ya kununa, na anachonunia ni kweli kimetokea. Uliapa kwa mkewe ukalipa kwa ndugu yako, na ungefanya vingine ungelipa kwingine. Mchungaji akienda atamlazimisha kusamehe kwa adabu, na msamaha wa adabu haudumu. Msalimie kila asubuhi akipita, salamu moja tu, usiongeze neno wala usimfuate. Vifungo mpelekee wifi yako nyumbani kwake, na kama siku hiyo hataki, chukua urudi navyo usiulize sababu. Hicho kituo kingine kisikilize, andika siku na saa, kamwone Mkaguzi. Na asubuhi ambayo kaka yako ataitikia, usiache mashine ukamkimbilia. Mwambie safari njema, umwache aende.